Melkior na Mshika Kamba

Shemeji yangu Melkior nampenda, lakini ubishi wake, acha tu. Amemuoa dada yangu Dafrosa, wanaishi Ugalla, na kazi yake ni nyuki tangu ujana. Huko porini watu hurina asali wawili wawili: mmoja anapanda mtini na moshi, mwenzake anabaki chini ameshika kamba. Uhai wako uko mikononi mwa huyo wa chini. Kwa Melkior, huyo alikuwa rafiki yake Sixte.

Msimu mmoja wakakuta mizinga ya Melkior imekombwa yote. Mwizi hakuonekana. Kufika nyumbani Melkior akasema, "Aliyeiba anaijua njia. Sixte anaijua njia. Basi ni Sixte."

"Baba Agatha, hata wewe unaijua," dada akamwambia. "Umejiibia?"

Mimi nilicheka. Melkior akasema binadamu wote ni wezi, wanatofautiana nafasi tu.

"Na Sixte aliyekushikia kamba miaka yote hii?" dada akamuuliza.

"Alikuwa hajapata nafasi."

"Sasa afanye nini ndiyo umwamini?"

Akafikiri kwelikweli. "Hakuna," akajibu.

Jikoni dada alimenya muhogo huku machozi yanamtoka. "Ukiiba, mwizi. Usipoiba, mwizi anayesubiri," akaniambia. "Kesi hiyo nani ataishinda?"

Melkior akaanza kwenda porini peke yake. Tulimsihi, wapi! Siku moja kamba aliyojifungia mwenyewe ikafyatuka, akaanguka, nyonga ikavunjika. Dada alipoona harudi alimkimbilia Sixte. Sixte akamtafuta, akampata, akamfunga kwenye baiskeli na kumsukuma mpaka barabarani.

Hospitalini Mpanda, neno la kwanza la Melkior lilikuwa, "Alijuaje mti niliokuwepo?"

"Nilimtuma mimi," dada akasema.

"Ulimtajia mti? Hukumtajia. Ana mazoea na mizinga yangu."

"Mliitundika pamoja!"

Nilitamani kumzaba kibao, mgonjwa au si mgonjwa. Kumbe Sixte alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya uji. Akaiweka chini taratibu, akamwambia dada, "Shemeji, mpe kabla haujapoa," akaondoka.

Hajakanyaga kwao tena. Melkior sasa anatembelea magongo, porini haendi. Jioni anakaa nje akiangalia njia, na mtu akimtaja Sixte anasema, "Si mnaona? Angekuwa rafiki, angekuja."