Wageni wa Mkate wa Kumimina

Usiku ule nililala na simu mkononi na kinyongo kifuani. Ukurasa wangu wa mapishi mtandaoni ulikuwa hauna wasomaji, na rafiki yangu Rehema alikuwa amenishauri niachane na hadithi zangu ndefu za jikoni. "Watu hawana muda, shoga. Piga kelele kidogo, watakuja." Basi nikaandika upya makala ya mkate wa kumimina: mistari michache, alama za mshangao kila kona, na juu yake HUTAAMINI! Ile ndefu, yenye majirani na vituko vyao, nilipanga kuifuta asubuhi.

Nikajikuta Tanga, uani kwa bibi yangu Mwanakombo, ambaye tulishamzika. Amekaa jamvini anatafuna tambuu, ana siha kuliko mimi. Enzi za uhai wake ndiye aliyetumwa kualika watu harusini, mlango kwa mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mkate unaiva. Waite watu."

Mara nina kipaza sauti mkononi. Natoka barazani, napayuka, "Njooni! Hamtaamini!" Lo, mtaa mzima unafurika! Wanapanda jamvini na viatu, wanachungulia sufuria, wanaulizana, "Kiko wapi chenyewe?" Mmoja anasema kumbe mkate tu. Wawili wanagombana nani kafika kwanza. Kisha wanatoka kwa mkupuo, na ua unabaki na nyayo za vumbi. Nataka kulia. Bibi anacheka mpaka khanga inamdondoka kichwani.

"Umewaahidi kioja," anasema, "wamekuja kutazama kioja."

Ananishika mkono, na tayari tuko njiani. Bibi hana haraka. Kila mlango anabisha hodi, anauliza goti limepoaje, mtoto kaota meno mangapi, ndipo anaeleza mkate unavyopikwa na kwa nini tui lake lazima liwe zito. Nyumba nyingine hawamalizi kumsikiliza, wanafunga mlango. Yeye wala hajali. Kwenye mlango mmoja ananisogeza mbele niseme mimi. Nami naanza kusimulia jinsi mama alivyokuwa akitufichia ukoko wa mkate chini ya kawa, na mwenye nyumba anacheka, anaingia ndani kuchukua kitu.

Tunaporudi, uani wamo watu wachache, lakini hakuna aliyekuja mikono mitupu. Huyu ana mbuzi ya kukunia nazi kwapani, yule ana ungo, mzee mmoja kaja na mwiko wake mwenyewe. Wamekunja mikono ya nguo, wanabishana kuhusu iliki, wananisogezea nafasi jamvini kana kwamba wamenijua miaka yote. Nilifurahi, jamani, nilifurahi!

Bibi aliniinamia sikioni. "Hawa wameisikia sauti yako. Usiifute."

Nikaamka machozi yananitoka huku nacheka. Sikungoja hata chai. Niliifuta ile ya kelele, nikaweka ile ndefu na majirani wake wote.

Hadi mchana wasomaji wangu wangetosha kwenye jamvi moja. Lakini mmoja wao, mama wa Lindi nisiyemjua, alikuwa ameniandikia: "Dada, nimecheka peke yangu jikoni. Mchele nimeshauloweka, na mbuzi hii hapa nimeikalia. Nazi ngapi?"

Nikavuta kigoda, nikamjibu kwa kirefu.