Jani la Isale Kwenye Kinubi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya ninayokusimulia niliyaona mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na mbege, ile pombe ya ndizi, nilikuwa sijaionja.

Mimi hupiga kinubi harusini. Naishi Soweto, Moshi mjini, lakini kwetu ni Singida, kwa hiyo mila za Wachagga nazijua juujuu tu. Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi kwenye kanisa moja la Kilutheri huko mlimani. Kwaya walijaa mbele kama kawaida yao, hawataki kusogea hata kidogo, basi mimi na kinubi changu tukawekwa nyuma, karibu na mlango.

Asubuhi nilikuwa peke yangu nikikaza nyuzi, nje mvua inamwagika. Akaingia bibi mmoja mwenye sweta la kijani na baka jeusi juu ya jicho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatoa jani refu la kijani akalifunga fundo kwenye kinubi.

"Usilitoe," akaniambia. "Lina mwenyewe."

Nikadhani ni pambo, nikashukuru. Alipotoka ndipo nikatazama sakafu. Niamini, hapakuwa na tone la maji. Mvua yote ile, na alikopita pakavu? Nikajipa moyo kwamba ni uchovu.

Saa ya ibada ikafika. Bibi harusi, Neema, akasimama mlangoni peke yake. Baba yake alikuwa barazani, amegoma kuingia, kwa sababu ndani alikaa baba wa bwana harusi. Wazee hao ni majirani, na hawakuwa wakisalimiana tangu walipogombania mpaka wa vihamba vyao, yale mashamba ya urithi wa ukoo. Neema naye alikataa kusindikizwa na mtu mwingine yeyote. Nikapiga wimbo wa kuingilia, ukaisha, nikaurudia. Binti analia mpaka shela inalowa. Niliumia sana.

Mara baba akachungulia, akaliona lile jani. Akanijia moja kwa moja, nadhani hata hakujua kwamba ameshaingia, akaniuliza nani amelifunga. Nikamweleza lile sweta na lile baka.

"Hili ni isale," akasema taratibu. "Kwetu ndilo la kuombea msamaha, na halikataliwi. Fundo hili ni la mama yangu. Na sweta hilo tulimzika nalo."

Nikaikumbuka ile sakafu kavu, wewe! Akalifungua jani, akamshika mwanawe mkono, nami nikapiga kinubi vizuri kuliko siku zote. Walipofika mbele akampa jirani yake lile isale kwa mikono miwili. Mzee yule akalipokea, wakakumbatiana, wakalia kama watoto. Kwaya nzima ikasahau kuimba.

Tangu siku hiyo, kila harusi naacha kiti kimoja kitupu karibu yangu. Watu hunishangaa, nami sijali. Wazee wale sasa wanasaidiana kuchuma kahawa, na mjukuu wao hupita mpakani atakavyo.

Sasa wewe unayenisikiliza, una mtu usiyeongea naye? Mwendee leo. Usingoje mama yako atoke kaburini aje kukuombea msamaha, maana si kila mama hupata njia ya kurudi.