Binti yangu alikuja Guangzhou akanikataa, tukaenda kulala kwenye nyumba ya magurudumu ufukweni

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, mlioko kazini na mlioko kitandani mnachezea simu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Mwenye kuona ni chai aongeze sukari anywe, mimi naendelea.

Kwa wasionifahamu, nanunulia watu nguo huku Guangzhou na kuwasafirishia. Kama umewahi kuvaa jinzi ya bei nzuri uliyoichukua Kariakoo, kuna uwezekano mkubwa ilipita mikononi mwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Soko la Shahe nalijua kuliko mtaa niliozaliwa. Ma-laoban, yaani wale mabosi wa maduka, wakiniona wanaacha kutaja bei ya wageni.

Nasema haya mjue kwamba mimi si mtu wa kushindwa kirahisi. Nimewahi kupakia kontena ambalo watu watatu walisema haliwezi kufungwa mlango, na likafungwa.

Sasa nikashindwa na mtoto wa miaka sita.

Mke wangu Zuhura na binti yetu Nasra wanaishi Dar. Nasra nilimwacha akiwa hajaota meno, ikaja korona, mipaka ikafungwa. Ilipofunguka nilirudi mara moja tu, alikuwa bado mdogo, hakumbuki chochote. Kwa hiyo mimi na yeye tumekuzana kwenye simu. Akitoka shule anachukua simu ya mama yake ananitumia voice note. Usiku nikimaliza kazi nazisikiliza zote, najibu moja moja. Nani kampiga nani darasani, mwalimu kavaa nini, paka kala nini. Huyo mtoto anaongea, wakuu, nyie acheni tu.

Mwaka huu nikasema basi, waje. Visa ikatoka, tiketi zikakatwa.

Siku ya kuwapokea airport nilivaa suti. Ndiyo, suti, na joto lile la Guangzhou.

Nikapanua mikono. Nasra akatoka nyuma ya baibui la mama yake, akasema "Shikamoo" kama anavyomsalimia mgeni aliyekuja kumwona babu, akarudi nyuma ya baibui.

Nikasema ni uchovu wa safari. Kesho yake hivyo hivyo. Nikiingia sebuleni anahamia chumbani. Nikimuuliza kitu ananijibu kwa kichwa.

Nikafanya ninachokijua, nikaanza kumletea sampo, yaani vitu vya kuonjesha mteja kabla hajatoa oda. Nilizunguka maduka ya Liuhua nikaleta viatu vinavyowaka taa, magauni, mdoli anayefumba macho. Anapokea kwa mikono miwili, anasema asante, anaweka kwenye begi lake, anaondoka. Mnawajua wale wateja wanaochukua sampo zote na oda hawatoi? Basi nilikuwa na mmoja ndani ya nyumba.

Kilichonimaliza ni asubuhi moja, yuko jikoni na mama yake, hajui kama nimesimama mlangoni. Nikamsikia anauliza, "Mama, baba wa kwenye simu tutaongea naye lini?"

Zuhura akacheka. Mimi sikucheka. Nilishuka chini nikasimama mbele ya duka la matunda nikijifanya nachagua machungwa. Niliumia, sitawaficha. Walikuwa wamebakiza wiki moja waondoke, na nikaona kabisa mwanangu atapanda ndege kurudi Dar bila kuniita baba hata mara moja.

Nina jirani Mkongo wa Lubumbashi, tunamwita Papa Jérémie, huwa tunachangia kontena. Nikamweleza. Huyu mzee habembelezi mtu. Akaniambia, "Weye unamuletea mutoto échantillons kila siku. Mutoto haiko client, yaya. Muende vacances, ku bahari, mukae pamoja." Kwa Kifaransa chake échantillons ndiyo sampo, vacances ni likizo, na yaya kwao ni kaka.

Ndipo wazo la fangche likaja.

Kwa msiojua, fangche ni nyumba ya magurudumu, karavani. Wachina siku hizi wanazipenda kupita kiasi. Huko pwani ya kusini ya mkoa wetu kuna sehemu wamezipanga mstari zikitazama bahari, kila moja na turubai lake mbele, meza, viti na jiko la kuchomea nyama. Magurudumu yapo ila haziendi popote. Unapanda treni ya kasi, unashuka, unachukua teksi, umefika.

Hapa niweke angalizo kwa mnaoishi huku. Piga simu kwanza. Sehemu nyingi hazipokei wageni kwa sababu hawajui namna ya kukuandikisha polisi. Wa kwanza niliyempigia, aliposikia ni pasipoti ya nje, akasema "meiyou", hakuna, akakata. Wa pili ni mama mmoja aliyewahi kuuza nguo za jumla, yeye anawajua Waafrika vizuri, akakubali. Nikajaribu kumshusha bei. Akaniambia hii ni bahari, siyo Shahe, na nikiendelea anapandisha. Nikalipa.

Hesabu yangu ilikuwa ya kontena. Mzigo ukiubana vizuri hauchezi. Kile chumba ni kidogo, kitanda cha wakubwa huku, meza pale, choo kona ile. Nikasema huyu mtoto atanikimbia aende wapi? Tutazoeana tu, atake asitake.

Tulipofungua mlango, Nasra akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona kitanda kidogo cha juu chenye pazia. Akapanda. Akavuta pazia.

Ndiyo ikawa nyumba yake.

Zuhura naye alikuwa na yake. Alibeba unga na sufuria yake ya aluminiamu kutoka Dar, hapiki ugali kwenye kitu kingine. Akaliwasha jiko la umeme la mle ndani, lile la kioo, likapiga kelele pi pi pi, likazima. Akawasha tena, likazima. Yale majiko hayaitaki aluminiamu. Mama wa Kichina wa karavani ya jirani akaona tunahangaika, akatuletea karai lake la chuma, roho nzuri kabisa. Zuhura akalitazama karai, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama halijapita kitimoto. Nikamwambia hapa China hilo swali huwa halina jibu zuri. Tukalirudisha kwa shukrani nyingi.

Mwisho nikawasha mkaa nje, sufuria ikapanda juu ya jiko la nyama, na mwanamke akafunga khanga kiunoni akasonga ugali mbele ya Bahari ya Kusini ya China. Watoto wa Kichina walijaa. Mwingine akawa anauliza kama ni saruji. Mimi pembeni nachoma nyama ya halali niliyobeba kutoka Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou. Picha hiyo ilikuwa tamu jamani.

Nasra alishuka, akala vizuri tu, akarudi juu. Hata baharini nilipoingia yeye alitoka. Nilipotoka, akaingia. Nikabaki nimesimama kwenye mchanga na kaptula yangu mpya.

Jioni jua bado lipo, nikaona angalau picha ya ugali niiweke status watu wa nyumbani waone jamaa yao anaishi vipi.

Hapa wa Guangzhou watanielewa haraka, wengine niwaeleze. Huku China ile app yetu ya nyumbani haifunguki mpaka uwashe VPN. Kazi zangu zote, laoban, dereva, wakala, mpaka wateja wa Kariakoo, nimewahamishia kwenye app ya Wachina. App ya nyumbani ilibaki ya kitu kimoja tu, kuongea na mke na mtoto usiku. Sasa mke na mtoto wako sebuleni kwangu, niwashe VPN ya nini? Tangu walipotua sikuwa nimeiwasha hata mara moja.

Nikaiwasha. Simu ikaanza kulia, na haikuacha haraka.

Meseji zote zimetoka kwenye namba ya Zuhura. Yeye alikuja na line yake ya Tanzania kwenye roaming, kwake app inafunguka kama kawaida. Zote voice note. Nikaanza na ya kwanza kabisa.

"Baba, tumefika China. Kuna maghorofa mengi. Wewe uko wapi?"

Nyingine. "Baba, hapa kuna mtu ana sura kama yako. Amenipa viatu vinawaka taa. Ukija nitakuonyesha."

Nyingine. "Baba mbona hujibu? Umenikasirikia?"

Na ya mwisho, ya muda mfupi tu uliopita, ananong'ona. "Baba, leo tuko baharini. Yule mtu amechoma nyama, ni tamu. Anaongea kwa sauti kubwa. Mimi nakusubiri wewe."

Wakuu, nililia. Nimekaa kwenye kiti cha kukunja, koleo la nyama mkononi, machozi yanashuka. Mama wa jirani akadhani ni moshi, akanisogezea kopo la maji.

Nilimwita Zuhura pembeni nikamwekea asikie. Alishangaa kuliko mimi. Kila jioni alikuwa anampa Nasra simu kama ilivyokuwa Dar, na kila usiku ananiona na simu mkononi, kumbe nachati na watu wa kiwandani. Akaniambia, "Mimi nilijua unazisikia unamjibu, nikasema labda ni mchezo wenu. Nimemwambia mara ngapi kwamba wewe ndiye baba. Anajua. Ila aliyemzoea ni yule wa kwenye simu."

Aliyemzoea ni yule. Nikaelewa. Na nilipoelewa nikajua la kufanya, maana mimi nikishaujua mzigo umekwama wapi, kuukwamua si tatizo.

Nikahamisha kiti hadi kwenye mchanga, nikaipa karavani mgongo, nikabonyeza. Sikuongea kwa sauti kubwa.

"Nasra, baba hapa. Simu ilikuwa imefungwa, nilikuwa sikusikii. Sijakukasirikia hata kidogo."

Kuta za zile karavani ni nyembamba. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inaongea kule ndani. Ikaisha. Halafu ikaanza tena, kumbe anairudia. Akairudia tena.

Simu yangu ikalia. "Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa karibu sana ila nilikuwa sielewi.

Hilo likamtosha. Tukaanza kuongea kama siku zote. Akaniambia ndege ilivyotikisika, akaniambia mama alivyokoroma, akanisimulia kuhusu mtoto wa Kichina aliyemshika nywele kwa ruhusa. Namjibu, ananijibu. Zuhura ameshika sufuria anajifanya anasugua ukoko.

Kisha akauliza, "Sasa hivi uko wapi?"

Nikamwambia, "Niko nje. Nimekaa kwenye kiti cha bluu."

Nikasubiri. Sikugeuka, nikisema nikigeuka nitaharibu. Nikasikia ngazi ya kitanda. Nikasikia mlango. Nikasikia viatu kwenye mchanga, nikaona mwanga mwekundu na wa bluu unawaka pembeni yangu.

Akasimama hatua chache mbele yangu, simu ya mama yake iko mdomoni, anarekodi huku ananitazama. "Baba, nakuona."

Simu yangu ikalia. Nikaifungua nikaisikiliza kama vile sijasikia. Nami nikabonyeza nikajibu kwenye simu, "Na mimi nakuona. Umekua."

Akabonyeza tena, akaanza habari ya paka wao alivyozaa juu ya kabati la bibi. Ni habari ndefu, ina majirani ndani yake. Katikati ya habari, kidole kikaachia. Hakugundua. Mkono ukashuka polepole na simu, macho kwangu, maneno yanaendelea, na paka akamalizia kuzaa tukiwa tunaongea uso kwa uso.

Alipomaliza akaniuliza, "Baba, kwani wewe huwa unaongea kwa sauti kubwa kwa nini?"

Nikamwambia sokoni usipopaza sauti hawakusikii. Akasema lakini hapa siyo sokoni. Nikamwambia kweli.

Siku mbili zilizobaki pale sitawachosha nazo. Niseme tu kwamba kitanda chenye pazia nililala mimi, miguu inaning'inia nje, yeye na mama yake wakalala kwenye kikubwa, na asubuhi nilivutwa vidole vya miguu niende baharini kabla sijanawa uso.

Somo langu ni dogo, na nalitoa kwa kujiamini kabisa. Mtoto aliyekuzoea kwenye simu, mpokee kwenye simu. Usimletee mtu mpya mwenye suti ukataka ampokee badala ya yule wa simu kwa siku moja. Endelea kuwa yule wa jana, hata kama mko chumba kimoja, mpaka mwenyewe atake kuja. Na mlioko huku, familia ikitua, VPN msizime.

Wamesharudi Dar. Juzi kapiga simu ya video yupo na shangazi yake, ananitambulisha kana kwamba shangazi hanifahamu, wakati ni dada yangu wa tumbo moja.

"Huyu ndiye baba. Ni mrefu kweli kweli. Mimi naishia hapa." Akajipiga kichwani, kisha akanyoosha mkono juu kabisa kuonyesha pale ninapoishia mimi.

Mlioacha watoto wadogo nyumbani, mliwazoeaje mlipokutana nao? Shusheni ya kwenu hapa, na wenye kunicheka kwa ile suti, ruksa.