Kidevu Mdomoni mwa Mtungi

Mkaguzi wa mitungi haitikii salamu ya mtu. Tanuri za kando ya mto Betis, katika Hispania ya Warumi, zikifunguliwa, huegemeza kidevu kwenye mdomo wa mtungi mtupu, akafumba macho, akaugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Mzima huupisha, wenye ufa huupasua kwa nyundo palepale. Galla, mfinyanzi mgeni, alishapasuliwa mitungi kumi na saba, na kile kimya cha mkaguzi huyo mzee alikiita kiburi.

Leo askari aliyefuata mafuta ya ngome za kaskazini amechoka kusubiri.

"We mzee, jaza mafuta twende! Wenzangu wanakula dengu kavu huko!"

Mzee hakugeuka. Askari akafoka mpaka punda wakashtuka. Mzee akagonga mtungi mwingine. Ndipo Galla alipoelewa.

"Usijichoshe, afande. Hasikii."

"Kiziwi? Sasa anakagua nini?"

Mzee alikuwa amefumbua macho. Akamshika askari kisogoni, akamwegemeza kidevu kwenye mtungi wa Galla, akagonga. Halafu kwenye wa pili, wa Galla pia. Wa kwanza ulivuma mpaka kwenye meno; wa pili haukusema kitu.

Askari akajifuta vumbi kidevuni, kisha akanyoosha mkono aombe nyundo.

"Kumi na nane," Galla akasema, akarudi kwenye udongo wake.