Paa la Banda la Kuku

Mpigilia mabango wa chama pale Wirrabeen hubana misumari kwa meno, kwa hiyo siasa zake zote huzisemea pembeni mwa mdomo. Katika mji huu wa ngano chama chake hakijawahi kushinda, na mabango ya plastiki yenye sura za wagombea walioanguka ameyaezeka kwenye banda lake la kuku. Maeve Tranter, mgombea wa safari hii, alipopelekwa kuliona, alikuta historia nzima ya chama ikiwatabasamia kuku: mwalimu aliyeanguka mwaka wa ukame, mkata manyoya ya kondoo aliyeanguka mwaka wa mafuriko. Kona moja ilikuwa ikivuja. Mzee akalitazama tundu, kisha akalipima bango la Maeve kwa shubiri.

"Mzee wangu, kura hata hazijapigwa, wewe ushanipimia kaburi?"

"Kaburi gani, bibie? Hapo ni mahali pa heshima. Jogoo analala chini yake."

Jumamosi ya kura mzee alikaa kutwa langoni mwa shule iliyokuwa kituo cha kura, mkate wa soseji mkononi, akiwagawia wapinzani haradali pamoja na kejeli. Jioni ilipotangazwa kwamba Maeve ameshinda, ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mzee alibaki mdomo wazi, bila msumari hata mmoja, kisha akamkumbatia Maeve mpaka miguu ikaning'inia.

"Umeniponza, mwanangu!" akafoka, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. "Jogoo wangu atanyeshewa miaka mitatu mingine, hadi uchaguzi ujao!"