Aliyezama Hapitwi

Naikumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, nilipoamka alfajiri nikavishwa shela, na badala ya kwenda kanisani nikaenda kukaa ofisini. Usicheke. Bibi harusi wa siku hizi anakaa saluni na simu mkononi, akitaka kujua bwana harusi kafika wapi anabonyeza tu. Miaka ile ya tisini, hapa Mpanda simu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kumuulizia mchumba wangu ila kwenye redio ya upepo, uani kwa tajiri mmoja wa malori pale Kashaulili.

Redio ile ndiyo ilikuwa kazi yangu. Malori ya tajiri yetu yalibeba mahindi na maharage kutoka Mwese, Mishamo na Inyonga kuyaleta stesheni ya treni, na kila lori lilikuwa na redio yake. Mimi nilikaa mezani na kipaza sauti changu, nikipokea habari za barabara na kuzipeleka kwa wengine, na madereva wakanipa jina la Dada Kituo.

Kama hukuwahi kuwasikia madereva wakizungumza hewani, mwanangu, umekosa raha. Asubuhi kila mtu alisalimia kwa lugha ya kwao. Msukuma akisema mwangaluka, Mrundi wa Katumba anajibu mwaramutse, halafu utani unaanza: nani kaunguza ugali, nani kakimbiwa na mchumba, nani anaimba mpaka fisi wanahama pori. Mmoja akibonyeza kitufe wote wanasikia mpaka aseme ova, yaani nimemaliza, kwa hiyo siri haikuwepo. Hata uchumba wangu na Masanja ulikulia hewani. Akisema, "Dada Kituo, nimekukumbuka, ova," sauti za wenzake zinadakia, "Na sisi tumekukumbuka, ova!" Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka wapita njia wanachungulia dirishani.

Pamoja na utani wao wote walikuwa na sheria moja, na hiyo hawakuifanyia mzaha: aliyezama hapitwi. Ukikuta lori la mwenzio limezama kwenye tope, hata kama mligombana jana, unasimama, unatoa mnyororo, mnahangaika wote mpaka atoke. Barabara ya Mwese wakati wa mvua ilimeza malori, na kule porini hakuna wa kumwita ila yule anayekuja nyuma yako. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wale watu walikuwa wakiyatenda hayo kila wiki bila kuyasema.

Sasa sikiliza kilichonipeleka ofisini na shela. Baba yangu alikuwa mkulima wa Kawajense, mtu wa maneno machache, na posa ya Masanja aliipokea kwa shingo upande. "Dereva hana kwao," alikuwa akisema. "Leo Mwese, kesho Inyonga, keshokutwa hajulikani." Jumatano iliyofuata ilikuwa ya Majivu, na Kwaresima ikishaingia hakuna kufunga ndoa mpaka Pasaka ipite. Padri naye alikuwa aondoke mchana ule ule kwenda kuzungukia vigango vya mbali. Baba akasema wazi mbele ya ukoo mzima: "Kijana asipofika leo, nitajua hana nia, na mazungumzo haya tutayafunga." Nawe unamjua babu yako kwa sifa zake, akifunga jambo halifunguki.

Masanja alitumwa Mwese katikati ya wiki, akaahidi kurudi Ijumaa. Mvua ikanyesha, Ijumaa ikapita. Ndiyo maana asubuhi ile nilikaa mbele ya redio, shangazi akinishikia gauni lisiguse sakafu yenye grisi, na baba amesimama mlangoni mikono nyuma.

Redio ikakoroma, kisha nikamsikia. "Mwangaluka, bibi harusi! Mto nimevuka. Nakuja, mwambie mzee nakuja, ova!" Hewa nzima ikalipuka kwa vigelegele vya wanaume, na hakuna kigelegele kibaya kama cha mwanamume, lakini siku hiyo nilivipenda vyote. Nilimgeukia baba nikiwa natabasamu. Mkono wake mmoja ukatoka mgongoni.

Kabla sijamaliza kutabasamu ikaingia sauti nyingine, ya Yohana, kijana wa Katumba aliyekuwa ametangulia njia ile ile. "Jamani, nimezama huku bondeni. Tairi za nyuma hazionekani kabisa, ova."

Nilijua nani anakuja nyuma yake. Na nilijua kwamba baada ya huyo hakuna lori jingine hadi wiki inayofuata.

Haukupita muda mrefu Masanja akaita. Alisema amefika kwa Yohana, na pembeni ya barabara kuna majani magumu, lori lake linaweza kupenya likaendelea. Yohana mwenyewe akaingilia: "Pita, kaka. Leo siyo siku yako ya tope. Mimi nina unga, nina maji, nitakaa. Ova."

 Masanja akaniuliza mbele ya watu wote, "Dada Kituo, wewe unasemaje? Ova."

Mwanangu, nilimwangalia baba, nikaiangalia shela yangu, nikaiona Kwaresima yote ile ndefu mbele yangu. Nikabonyeza kitufe. "Mpite, Masanja. Mpite uje. Padri anaondoka. Ova."

 Watu ambao hawakuwahi kunyamaza hata wakila, walinyamaza. Nilisikia tu mvumo wa redio, nikahisi masikio yananiwaka moto.

Aliyeuvunja ukimya alikuwa Babu Taratibu, dereva mkongwe kuliko wote, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake ambao hata punda wangemlalamikia. Alikuwa anakaribia mjini na lori tupu kutoka njia ya Inyonga. Hakufoka. Alisema kama anavyoendesha: "Dada Kituo, binti yangu, nisikilize. Wewe unaolewa na lori au na mtu? Mwanamume atakayempita mwenzake kwenye tope leo kwa sababu ana haraka, siku ukizama wewe atakupita na wewe. Haraka zake hazitaisha. Chagua unataka wa namna gani. Ova."

Nililia, nisikufiche. Shangazi akawa ananifuta wanja na kunigombeza kwa pamoja. Nililia kwa sababu nilijua mzee amesema kweli, na kweli hiyo huenda ikaninyima mume. Nikavuta pumzi, nikabonyeza tena. "Masanja, simama. Mtoe mwenzio. Mimi nipo. Ova."

"Roja, nimekusikia, mke wangu!" akajibu. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Wenzake wakashangilia mpaka spika ikapasuka sauti.

Basi akafunga mnyororo, akavuta, na unajua tena mambo ya tope la Katavi: lori la Yohana likasogea kidogo, la Masanja likazama. Sasa yakawa malori mawili. Wenzao walio mbali wakaanza kuwaelekeza hewani, kata miti, weka mawe, punguza upepo wa tairi, kila mmoja bingwa. Baba akaiacha nguzo ya mlango akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Hawa watu huwa hivi siku zote?" aliuliza.

"Siku zote, baba."

Akaguna. Mlio wa honi ukasikika uani, Babu Taratibu kaingia. Alishuka akavua kofia, akamwamkia baba kwa heshima zote, akamuuliza padri anaelekea upande gani mchana ule. Baba akamwambia, na kumbe kigango cha kwanza kilikuwa njia ile ile ya Mwese. "Basi mzee mwenzangu," akasema Babu Taratibu, "bwana harusi amezama, lakini harusi haijazama. Tuibebe tumpelekee."

Nilidhani baba atakataa. Akaniangalia, akatazama ile redio, akasema, "Leteni jembe na shoka."

Penye nia pana njia, hata kama njia yenyewe ni ile! Padri alicheka mpaka akashika mbavu, akakubali. Alitangulia na pikipiki yake, ndugu na kwaya wakapanda nyuma ya lori na majembe na sufuria za pilau, mimi na baba tukakaa mbele. Njiani baba akaomba kipaza sauti. Alikuwa hajawahi kukishika maishani mwake. "Hapa ni baba mkwe," akasema. "Masanja, unanisikia? Mbona hunijibu?" Kidole kilikuwa bado kimebana kitufe, atajibiwaje! "Achia, mzee!" tukapiga kelele. Alipoachia, kijana akasikika akitweta, "Nakusikia, baba." Baba akabonyeza tena: "Umefanya vizuri. Usiwe na haraka. Tunakuja."

Tulichimba na kusukuma mpaka malori yote mawili yakatoka, kisha nikafungishwa ndoa kwenye kakanisa ka udongo ka kile kigango porini, mwanangu, na mwanamume aliyekuwa na tope mpaka kifuani, na shahidi wake Yohana ana tope zaidi yake. Kengele haikuwepo, kwa hiyo Babu Taratibu akapiga honi, na waliokuwa mbali wakapiga za kwao na kubonyeza vitufe ili tuzisikie kwenye redio. Sijawahi kusikia tena furaha kubwa namna ile.

Tangu hapo nimezama mara nyingi. Nilipolala hospitali miezi kadhaa kwa ajili ya mguu huu unaonisumbua, Masanja aliacha safari za faida akakaa ananipikia uji wenye madonge. Nilikuwa nakunywa ule uji nikimwombea Babu Taratibu apumzike kwa amani, maana yeye ndiye aliyenipa mume. Mimi nilikaribia kumharibu mume huyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nakuambia hivi. Ukitaka kumjua anayesema anakupenda, usimwangalie anavyokutendea wewe siku za uchumba, wakati huo hata mbwa anatikisa mkia. Mwangalie anavyomtendea yule asiye na cha kumlipa, siku ambayo yeye mwenyewe ana haraka. Na akisimama kumsaidia mwenzake ukachelewa kwa ajili hiyo, usimvute shati. Shika jembe umfuate.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwenzi anayejua kusimama, akupe na wewe moyo wa kushuka kwenye tope pamoja naye, na nyumba yenu isikose kicheko hata msimu wa mvua. Amina.