Injini ya Mkebe ya Okoth

Enzi zetu pale landi za reli Tororo, zile nyumba za wafanyakazi, injini haikutupwa. Nasema hivi nikiwaangalia vijana wa siku hizi, ambao mwiko ukivunjika mpini wanauliza duka liko wapi. Sisi tuliamshwa na filimbi ya garimoshi, na nguo alizoanika mama zilipata masizi kabla hazijakauka. Baba alikuwa fundi katika shedi ya injini. Alirudi jioni ananuka grisi na makaa ya mawe, anakunywa kwanza uji wake wa wimbi uliotiwa ukwaju, ndipo sisi watoto tunaruhusiwa kumsogelea. "Chuma hakichoki," alikuwa akisema, "anayechoka ni mwenyewe."

Kila mtoto wa landi alikuwa na injini yake ya kuchezea. Mwili ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli, na magurudumu tuliyakata kwa wembe kwenye sapatu za mpira. Hakuna aliyekata mviringo ukatulia kama kaka yangu Okoth. Siku moja sapatu ya buluu ya mama ilipotea, akaenda sokoni mguu mmoja wa buluu na mwingine mwekundu, watu wanacheka, naye anasema kwa sauti, "Aliyeichukua namjua, na atakula." Okoth alikula fimbo kweli, lakini magurudumu ya buluu yalibaki.

Mkebe ulipooza kwa kutu, tulimpelekea Okoth. Aliyang'oa magurudumu, akayafunga kwenye mkebe mpya, na injini mpya ikarithi jina la ile ya zamani. Tulijifunza kwa baba zetu, ambao kipande cha injini iliyokufa walikitia katika iliyo hai. Tulijifunza nyumbani pia, maana sisi Wapadhola mtoto akizaliwa hupewa jina la aliyetangulia. Injini isiyo na kitu chochote cha ile ya kwanza tulisema haina kwao, na haikuruhusiwa kupita kwenye reli tuliyoichora vumbini.

Okoth alikufa kwa malaria tukiwa bado shule ya msingi. Jioni ile watoto wa landi waliacha kuiita injini yake Kifaru, wakaiita Okoth. Hakuna aliyewatuma. Nilipoolewa huku Mella nilikuja nayo, nikaiweka juu ya kabati, na huko imekaa hadi nimekuwa bibi. Picha ya kaka yangu sina. Nina hiyo tu.

Sasa nina mwanangu, Owor, anauza simu Busia na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Kijana mzuri, lakini ana ugonjwa wa rika lake: kitu kikitimiza mwaka anakiona maiti. Ijumaa iliyopita alirudi na injini ya plastiki, nyekundu kama pilipili, inawaka taa na kupiga honi. Binti yake Athieno, ambaye ninamlea, aliruka kwa furaha. Mimi nilitazama juu ya kabati. Palikuwa patupu.

"Mama, ile mkebe ilikuwa imekufa," Owor akasema. "Bati ilikuwa inatoka unga. Duka la Busia unapeleka ya zamani, unaongeza kidogo, unabeba mpya."

Niliyomwambia hayaandikiki. Alijaribu kusema neno, nikamkata, na nikalala bila kula.

Asubuhi gurudumu la plastiki lilivunjika. Usiku mmoja tu! Nilicheka, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Nikaitupa ile takataka jalalani, nikamwambia Athieno asiiguse mpaka nirudi na kiberiti niichome, kisha nikaondoka kwenda Busia kumtafuta kaka yangu.

Duka nililipata upande wa Kenya. Muuzaji, kijana mwenye nywele zilizosukwa vizuri kuliko za mke wa mwanangu, hakuinua macho kwenye simu nilipomuuliza injini ya mkebe.

"Mathe, hiyo bati ilienda na watu wa skrepa kuyeyushwa," akasema. "Na hata tairi haikuwa nayo."

Walikuwa wamemla kaka yangu hadi miguu! Kisha nikamuuliza, na hiyo mpya iliyovunjika, anaitengenezaje?

"Haitengenezwi. Spea hakuna. Unaileta, unaongeza kidogo, unabeba ingine."

"Na nyanya yako akivunjika nyonga," nikamuuliza, "utaongeza kidogo ubebe mwingine?"

Alicheka hadi simu ikamwanguka. "Mathe, wewe ni noma!" Nilitamani kulia, lakini singempa raha hiyo. Njia nzima ya kurudi nilimlilia Okoth kimya, na kuilaani plastiki. Nilipita dukani Malaba nikanunua kiberiti kipya, kile cha jikoni nilikiona ni kizuri mno kwa kazi ile.

Nilimkuta Owor amechuchumaa uani na Athieno, koleo mkononi. Ile takataka nyekundu walikuwa wameitoa jalalani. Nilifungua kinywa niwapasulie, nikaona chini yake. Magurudumu manne ya mpira. Ya buluu.

"Tairi nilitoa kwanza kabla sijapeleka bati," Owor akasema bila kunitazama. "Si wewe ndiye ulitufundisha? Injini bila kitu ya ile ya kwanza haina kwao."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Saa ngapi, Mama? Ulikuwa unagomba."

Athieno alichora mistari miwili vumbini, akainama, akapaza sauti kama tulivyokuwa tukipaza sisi: "Okoth, pita!" Nayo ikapita, inachechemea, plastiki juu na sapatu ya mama yangu chini.

Sijabadili mawazo. Enzi zetu injini ilikwenda kwa mkono wa mtoto na kupiga filimbi kwa kinywa chake, na haikuishiwa betri hata siku moja. Hii honi yake inaudhi, rangi yake imeanza kubanduka, na taa zikizimika itakaa pale kama mjinga. Mtaniambia. Lakini kiberiti nimekitia jikoni. Jioni niliichukua nikaipandisha juu ya kabati, mahali pake, huku nikiisuta: angalia walivyokuvisha, mtu mzima, mwekundu namna hii.

Athieno aliuliza kutoka kitandani ninaongea na nani.

"Na kaka yangu," nikamwambia. "Lala."